Kamba ya Polikarpo

Mvua zilianza Jumanne, na kufika Alhamisi kila televisheni ya Mtoni ilikuwa ikionyesha mafuriko. Mwanakombo alikuwa nyumbani kwa watu, mtaa wa pili kutoka kwake, akimenya vitunguu saumu na wanawake wengine sita kwa ajili ya harusi ya Jumamosi. Kazi yake ndiyo hiyo, upishi wa shughuli. Harusi, maulidi, hitima, misiba. Nyumba ambayo hajawahi kukoroga sufuria yake upande ule wa Temeke ni ya kutafuta. Televisheni ilikuwa inasema peke yake pembeni, hakuna anayeiangalia. Mtangazaji akasema mito imefurika, wakazi wa mabondeni wachukue tahadhari, na Mwanakombo akajua kinachofuata kabla hajainua kichwa.

Ilikuwa picha ileile. Mwanamume mwenye shati jeupe amekumbatia nguzo ya chuma katikati ya mto, maji ya matope yamemfika kifuani. Halafu kamera inahamia ukingoni, kwa mwanamume mwingine, shati la njano, mikono kiunoni, kamba imelala miguuni pake, anatazama. Basi. Sekunde tisa, kisha mtangazaji anarudi na kuingia kwenye habari za michezo.

Mwenye shati jeupe alikuwa mumewe, Mwalimu Mwishehe.

Chausiku, ambaye alikuwa anapika naye tangu wote wawili wakiwa wasichana, alinyoosha mkono akabadilisha stesheni. Wengine wakainamia vitunguu vyao.

"Mwaka wa sita huu," Mwanakombo alisema.

"Waache tu, mwaya."

"Nawaachaje? Mwaka juzi walisema ni Kilosa. Mwaka jana wakasema Rufiji. Wanamtembeza nchi nzima, na mwenyewe alikuwa hapendi safari."

Mmoja alicheka kidogo, akajuta.

Mwishehe alikuwa anafundisha darasa la tano ng'ambo ya mto. Kila siku alikwenda na kurudi kwa miguu, akipita kwenye kivuko cha chuma ambacho wakazi wenyewe walikijenga kwa kuchangishana. Siku ile ya Aprili maji yalishuka kwa kasi kutoka juu, kivuko kikakatika yeye akiwa katikati, akabaki ameikumbatia nguzo moja iliyogoma kwenda. Alikaa pale kama robo saa, watu wamejaa kingo zote mbili. Mwanakombo hakuwepo, alikuwa Kigamboni kwenye maulidi, na simu yake ilikuwa ndani ya pochi chini ya makanga ya wenzake. Alipofika, watu walikuwa wanaondoka ukingoni. Maiti ilipatikana siku ya pili, karibu na mikoko ya Kijichi.

Kwenye televisheni wanakata kabla hajaachia. Kwa hiyo kila masika Mwanakombo alimwona mumewe akiwa hai, ameshikilia, anasubiri kuletewa kamba. Na kila masika alimwona mwenye kamba akiwa amesimama.

Mwenye kamba aliitwa Polikarpo. Alikuwa seremala, mtu wa Mbinga, amepanga nyumba tatu kutoka kwao, na karakana yake ilikuwa palepale juu ya mto. Yeye na Mwishehe walizoeana kwa mchezo wa draft. Jioni walikuwa wanakaa kwenye benchi la karakana wanasogeza vizibo vya soda na kubishana mpaka adhana. Ndiyo maana ilichoma zaidi. Wiki ileile ya msiba ile picha ilizunguka kwenye simu za mtaa mzima, na Twalib, mdogo wake Mwishehe, akaeleza mbele ya watu kwenye mkeka wa wanaume: "Kamba ilikuwa ya huyu bwana. Tulimwambia atupe, akasema tusubiri maji yapungue. Mmemwona wenyewe alivyosimama."

Siku ya tatu, watu wakiwa kwenye hitima, Polikarpo alikuja. Mwanakombo alikuwa chumbani, ndani ya eda, na mlangoni pametundikwa pazia. Alisikia sauti ya yule mtu upande wa pili wa kitambaa, ikimwomba Chausiku: "Nina neno moja tu la kumwambia Mama Najat. Neno la marehemu."

"Mwambie aondoke," Mwanakombo alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka uani. "Aliyemtazama mume wangu akifa asinitazame mimi."

Polikarpo akaondoka. Na kama lingeishia hapo, pengine Mwanakombo angelala vizuri zaidi miaka hii. Lakini miezi saba baadaye mama yake Polikarpo, bibi mzee aliyeletwa kutoka Mbinga kwa matibabu, alifia mle ndani ya nyumba ya kupanga. Asubuhi ile mke wa Polikarpo, Apolonia, alipita nyumba kwa nyumba kutoa taarifa, kama desturi. Mwanakombo naye akapita nyumba kwa nyumba, nyuma yake. Hakusema mengi. Alisema tu kwamba anayetaka kwenda aende, ila yeye sufuria zake hazitoki, na atakayekwenda asimwite kwenye shughuli yake tena. Ilitosha. Watu kumi na mmoja walikuja kwenye ule msiba, wengi wao wa jumuiya ya kanisani kutoka mitaa mingine. Kufika Krismasi Polikarpo alikuwa ameng'oa mashine zake na kuhama.

Mwanakombo aliona haki imetendeka. Alikaa na hilo miaka mitano.

*

Jumatatu baada ya harusi alivaa baibui jeusi, akaenda Mikocheni kwenye kituo cha televisheni. Hakumwambia binti yake. Najat angesema mama, utaanza vurugu.

Pale getini walimkalisha tangu saa tatu mpaka saa tano. Baadaye alitoka dada mmoja mwembamba mwenye miwani, akainama kidogo. "Shikamoo mama. Naitwa Tusajigwe, niko maktaba ya picha. Nimeambiwa una malalamiko."

"Marahaba. Sina malalamiko. Nina ombi. Mmwache mume wangu apumzike."

Tusajigwe hakuelewa, akamwingiza ndani kwenye chumba cha baridi chenye kompyuta nne. Mwanakombo alimweleza: shati jeupe, nguzo, mto. Yule dada akaandika neno moja, akabonyeza, na faili likatokea. Mwanakombo hakuwa mtu wa kompyuta lakini kusoma alikuwa anasoma. Jina la faili liliandikwa MAFURIKO MTU NGUZO.

"Ana jina," alisema.

"Samahani, mama."

"Mwishehe. Mwalimu Mwishehe Kondo."

Tusajigwe aliliandika kwenye karatasi, akauliza kama Kondo ni kwa K. Alikuwa na aibu ya kweli. Alisema yeye ana mwaka mmoja tu pale; picha za mafuriko zikihitajika haraka, watu huchukua faili la kwanza linalotokea. Angeiondoa leo leo, isitumike tena. Mwanakombo akashukuru. Alikuwa ameshaanza kunyanyuka.

"Nitakiondoa hiki kipande pamoja na ile ndefu," Tusajigwe alisema, akizungumza na kompyuta zaidi kuliko na mgeni.

"Ndefu ipi?"

Dada akasita. "Hii ya hewani ni kipande tu. Aliyepiga picha alikuwa ng'ambo, akapiga dakika nne na kitu. Ila mama, mie sikushauri."

Mwanakombo akakaa tena. "Iweke."

Mara ya kwanza alimtazama mumewe tu. Alimwona anavyogeuza uso kukwepa maji, anavyohamisha mkono. Mwishoni kabisa kamera ilirudi kwenye nguzo, na kwenye nguzo hapakuwa na mtu. Hakuna kelele, hakuna mkono uliopunga. Nguzo tu, na maji yanapita. Hilo hakuwahi kuliona. Akasema, "Rudisha."

Mara ya pili aliona kamba. Ilikuwa imefungwa kiunoni mwa Polikarpo, na Polikarpo alikuwa ndani ya mto. Si ukingoni. Ndani, maji shingoni, anasukumwa huku na huku, anasogea kuelekea kwenye nguzo. Alifika mahali ambapo, Mwanakombo alikadiria kwa jicho, palibaki kama pa kulaza mikeka miwili. Mwishehe akamgeukia, midomo yao ilikuwa inachezacheza. Sauti haikuwepo ila ya maji. Kisha tairi kubwa la lori likapita katikati yao, na Polikarpo akainua mkono akawapungia watu wa nyuma, kiganja kinafunguka na kufumba, kama mtu anayesema niachieni, niongezeeni. Kamba haikuongezwa. Ilikazwa. Akavutwa kinyumenyume kama mzigo, mpaka ukingoni, akatambaa kwa magoti, akatapika maji. Ndipo akasimama, kamba ikalegea na kuanguka miguuni, akashika kiuno, kutafuta pumzi. Kamera ikapitia kwenye nguzo, ikamrudia yeye; zile ndizo sekunde tisa.

"Rudisha."

Mara ya tatu aliwatazama waliokuwa wanavuta. Walikuwa watatu. Wa mbele, aliyejikita mguu kwenye jiwe na kupiga kelele za kuhimiza wenzake wavute, alikuwa Twalib. Na baada ya zile sekunde tisa, Polikarpo alipoinama kuiokota kamba ajifunge tena, Twalib aliikanyaga. Wakasukumana. Twalib akaiokota, akaikunja mkononi na kurudi nyuma nayo, na kamera ikahamia kwenye nguzo.

Tusajigwe alikuwa ameweka glasi ya maji mezani. Mwanakombo aliomba arushiwe ile picha kwenye simu yake, na yule dada akamwonyesha mahali pa kubonyeza kuifungua.

*

Twalib alikuwa na duka la nafaka Tandika na nyumba nzuri nyuma ya soko. Tangu msiba ule alikuwa amemshika Najat kama mwanawe wa kumzaa. Ndiye aliyemsomesha chuo cha ufamasia, ndiye aliyempeleka siku ya kwanza na kumbebea begi. Mwanakombo alimkuta sebuleni baada ya alasiri, kavaa kanzu, kikombe cha kahawa mkononi.

"Karibu shemeji. Mbona hukunambia, ningekufuata."

Alimpa simu. Twalib alitazama kama nusu dakika, akaigeuza kifudifudi juu ya mto wa kochi.

"Umeitoa wapi hii?"

"Itazame mpaka mwisho."

"Mwisho naujua. Nilikuwepo."

Akakaa mkabala naye. Feni ilikuwa inazunguka. Mwanakombo alikuwa amejiandaa kwa mtu atakayekana, si kwa mtu asiyekana.

"Nilidhani wataenda wawili," Twalib alisema hatimaye. "Lile tairi lilivyopita, nikasema huyu naye anakwenda. Nilivuta. Sikufikiri, shemeji, mikono ilivuta. Alipotaka kurudi nikaona siwezi kumshikia kamba tena."

"Hilo naweza kulielewa."

"Basi."

"Ila kwenye mkeka ulisema amesimama tu. Ulisema alikataa kutupa."

Twalib aliinamisha kichwa. "Ningesemaje? Mama alikuwa hai wakati ule. Ningemwambia mama kwamba aliyekuwa anamfikia mwanao, mie ndo nimemvuta nyuma? Watu walishaanza kuoneshana ile picha kwenye simu. Walishasema wenyewe ni yeye. Mie nilikubali tu."

"Ulikubali."

"Nikasema itapita wiki, watu watasahau. Sikujua utalishikilia vile. Ule msiba wa mama yake nilitaka kukukataza. Nilikuja mpaka mlangoni kwako."

"Ukarudi."

"Nikarudi."

Mwanakombo aliiokota simu yake. Alimwuliza kitu kimoja tu, Polikarpo yuko wapi. Twalib alijibu mara moja, bila kufikiri, na wepesi ule wa kujibu ulimuumiza kuliko mengine yote. Tabata Kimanga, nyuma ya kanisa, karakana yenye geti la bluu. Alikuwa anajua siku zote.

*

Alikwenda Alhamisi asubuhi. Geti la bluu lilikuwa wazi na vumbi la mbao lilitapakaa mpaka njiani. Aliyetoka kumpokea alikuwa Apolonia, kanga kifuani, amenenepa kidogo, nywele zimeanza mvi. Alimtambua papo hapo. Uso wake haukubadilika.

"Hodi, Mama Loveness."

"Karibu. Kuna msiba?"

"Hapana. Nimekuja kumwona Baba Loveness."

"Anapiga randa. Kaa hapo." Alimwonyesha kigoda, naye akabaki amesimama. "Si nilidhani kuna msiba. Maana kwa msiba ndo mtu anasahau mengine."

Mwanakombo alisema alichokuja kusema. Alikuwa amekipanga njia nzima, lakini kilitoka vipande vipande. Kwamba ameona picha yote. Kwamba alimsingizia mtu asiye na kosa. Kwamba ule msiba wa bibi ni yeye aliyewazuia watu, kwa mdomo wake.

"Hilo najua," Apolonia alisema. "Mama Shomari, jirani wa kule Mtoni, alinambia mwezi uleule, kwa siri, gizani kwenye bomba la maji. Mama Najat, wewe ni mpishi. Unajua wali wa msiba unavyopikwa. Mie nilipika mwenyewe. Maiti iko ndani, nikatoka nje kukoroga, nikarudi ndani kulia, nikatoka tena maana unaungua. Na watu wenyewe walikuwa wachache, ukabaki. Wali wa msiba kubaki, umeshawahi kuona?"

Mwanakombo hakuwahi kuona.

"Nilimwaga jalalani nikiwa na kanga ya msiba kichwani. Hivyo usinambie pole. Mwambie mwenyewe."

Polikarpo alitoka akijifuta vumbi usoni kwa fulana. Alikuwa amekonda, na sikio moja alilielekeza mbele kama mtu asiyesikia vizuri; miaka ya mashine. Alimsalimia kwa adabu ileile ya zamani, akakaa juu ya fremu ya kitanda kisicho na mbao. Alimsikiliza mpaka mwisho. Mwanakombo alipotoa simu, aliinua mkono.

"Sihitaji, Mama Najat. Mie nilikuwa mle ndani."

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Nimesikia."

Hakusema amesamehe na hakusema hajasamehe. Upande wa pili wa ukuta kuna mtu alikuwa anagonga misumari. Mwanakombo akauliza lile ambalo, kusema kweli, ndilo lililomtoa Mtoni asubuhi ile kabla hata ya radhi.

"Ile siku ya hitima ulisema una neno la marehemu."

Polikarpo alijipangusa vumbi mikononi.

"Lilikuwepo," alisema. "Tulikuwa karibu hivi. Alikuwa na mfuko wa madaftari ya watoto, ameubana kwapani upande ule ambao huko ng'ambo hawakuuona. Nikamwambia, mwalimu, tupa hayo, nipe mkono wote. Hakutupa. Tukabishana, tunabishana mle majini kama kwenye draft. Halafu akaniambia kitu. Cha kwako. Alitaja jina lako, hilo nina hakika, alisema mwambie Mwanakombo."

"Nini?"

"Nilikuja siku ile nikwambie. Nilikuwa nalo lote, maneno yake kama alivyoyasema. Ulivyonifukuza nikakaa nalo. Nikawa nalirudia kichwani, nisilisahau, nikijua ipo siku utanisikiliza. Kila nikilirudia nikawa naligeuza kidogo. Mwaka mmoja, miaka miwili. Sasa nikijaribu, sijui lipi lake na lipi nimelitia mie." Alimtazama kwa mara ya kwanza. "Naweza kukutungia moja zuri ukaondoka nalo. Sitaki kukudanganya. Mwishehe alikuwa hapendi uongo."

"Hata kidogo hukumbuki? Hata mwanzo wake?"

"Mwambie Mwanakombo. Huo ndo mwanzo. Baada ya hapo ni maji."

Mwanakombo alibaki pale kigodani. Alijiona akiwa nyuma ya lile pazia, kitambaa cha maua mekundu, na upande wa pili, hatua mbili tu, mtu amebeba maneno yote, mazima, bado yana joto. Aliyarudisha mwenyewe. Hayakurudishwa na Twalib wala na televisheni. Ni yeye aliyesema mwambie aondoke.

Polikarpo alimsindikiza mpaka getini. Pale alisimama, akasema kwa upole, bila chuki ambayo pengine ingemsaidia, "Mama Najat, usije tena. Si kwamba nina kinyongo. Mke wangu atashindwa kulala leo."

*

Hitima ya mwaka ilikuwa Jumapili iliyofuata. Kila mwaka Mwanakombo alipika, majirani wakaja, dua ikasomwa, watu wakala wakaondoka. Mwaka huu, dua ilipokwisha na kabla sinia hazijapita, alitoka jikoni na aproni yake, akasimama mlangoni katikati ya mkeka wa wanaume na wa wanawake, mahali ambapo mwanamke hasimami kwa kawaida. Akasema lote. Alitaja tairi, kamba, waliovuta. Jina la Twalib alilitaja mara moja tu, kwa sauti ya chini, na Twalib alikuwa amekaa palepale karibu na sheikh. Alimalizia kwa kujitaja mwenyewe na ule msiba wa watu kumi na mmoja.

Alikuwa ametarajia kitu. Hakujua nini hasa, labda minong'ono, labda mtu kusimama na kusema tumfuate yule bwana kwa pamoja. Sheikh alisema Mwenyezi Mungu atusamehe sote. Mzee mmoja akasema yameshapita hayo, mama. Kijana aliyehamia mtaani juzijuzi alimwuliza mwenzake Polikarpo ndo nani, na mwenzake akasema hamjui, labda ni yule fundi wa zamani. Sinia zikapita. Watu wakala, ilikuwa pilau nzuri, wakaisifia.

Twalib alikula kidogo kwa heshima ya marehemu, akanawa, akavaa makubazi yake, akaondoka bila kuaga.

Uani, wakati wa kuosha vyombo, Chausiku alimpa mgongo. Alikuwa anasugua sufuria kwa mchanga, anasugua mahali palepale.

"Umefanya vyema kusema," alisema mwisho. "Ila mbele za watu umetuweka wote. Mie nilitaka kwenda kwenye ule msiba, unakumbuka? Nilishavaa. Si wewe mwenyewe uliyenikuta njiani ukanigeuza?"

"Ni mie."

"Basi usiseme tulikosa. Sema nilikosa."

"Nimesema nilikosa."

"Umesema tulikosa. Nimesikia vizuri."

Mwanakombo alijaribu kukumbuka alivyosema, akashindwa. Yawezekana Chausiku alikuwa sahihi.

Ndani, Najat alikuwa ameketi kitandani, macho mekundu, nguo chache zimekunjwa pembeni yake. Alikuwa na miaka ishirini na tano, na alipokasirika sura ilikuwa ya baba yake kabisa.

"Ungeniambia mie kwanza," alisema.

"Ungenikataza."

"Ndiyo, ningekukataza. Baba mdogo aliogopa, mama. Mtu kuogopa ni kosa? Ameniomba msamaha mwenyewe juzi kwenye simu, analia, mtu mzima. Miaka sita amenibeba. Wewe umemsimamisha mbele ya sheikh kama mwizi."

"Sikumsimamisha. Alikuwa amekaa."

Najat alimtazama kwa namna iliyomfanya Mwanakombo atamani asingejibu vile.

"Nakwenda kukaa kwake kwa muda. Mkewe kaniambia hali yake, hasemi na mtu. Sijui lini nitarudi."

Mwanakombo alitaka kumwambia yale madaftari, kwamba baba yake alifa ameyabana kwapani, kwa sababu mtoto ana haki ya kujua kitu kama hicho. Akaona siyo saa yake. Angeonekana anamtumia marehemu kumzuia. Akamsaidia kufunga zipu ya begi iliyokuwa na kawaida ya kukwama. Najat akabusu mkono wa mama yake, maana alilelewa hivyo na hasira haikumwondolea malezi, akatoka kwenda kupanda bajaji.

Chausiku alimaliza sufuria, akazipanga kifudifudi ukutani, akajifunga kanga yake ya kuondokea. Alisema kesho kuna msiba Yombo, wameitwa wote wawili, wafike alfajiri. Mwanakombo akauliza wa nani.

"Simjui," Chausiku alisema. "Wageni wa mtaa, wamehamia mwaka huu. Wamesema hawana watu."

"Basi tubebe sufuria kubwa," Mwanakombo alisema, akaingia ndani kutafuta mwiko.